Sadaka ni ya Mungu, hiyo nyingine ni ya mradi

Maneno hayo niliyasikia Oktoba 2024, nikiwa nimeketi kwenye benchi nje ya kanisa la mabati kule Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Aliyeyasema ni mama ambaye hadi leo ningemwachia pochi yangu na kwenda safari. Amekuwa mweka hazina wa kanisa lake kwa miaka 11, na wenzake wamezoea kumwita Mama Hazina. Nilikuwa nimemuuliza swali moja tu: mbona kitabu hiki ni safi namna hii, na hiki kingine kimejaa uongo? Akafuta mikono kwenye leso, maana alikuwa ametoka kukanda unga wa chapati anazowauzia wafanyakazi wa viwandani, akanijibu taratibu kama anayemfundisha mtoto: "Baba, sadaka ni ya Mungu. Hiyo nyingine ni ya mradi."

Mimi ni mhasibu mstaafu, wala si mshirika wa kanisa hilo. Niliitwa kukagua vitabu kwa sababu kanisa rafiki la ng'ambo lililokuwa likifadhili mradi lilitaka macho ya mtu wa nje kabla ya kutuma awamu ya pili ya pesa. Jina la kanisa na majina ya watu nayahifadhi. Wahusika wanajua kwamba ninaandika, na mmoja wao ameshaniambia nisimpendelee.

Mradi wenyewe

Pesa za awamu ya kwanza zilikuwa shilingi 2,400,000. Zilikuwa za kujenga vyoo 6 na bafu 2, kuweka tangi la lita 10,000 na kioski cha maji kando ya kanisa. Anayeijua Mukuru hahitaji kuelezwa kwa nini. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza eneo hilo, lenye kaya zaidi ya 100,000, kuwa eneo maalumu la mipango. Moja ya hoja zilizosukuma jambo hilo ni kwamba maskini wa pale walikuwa wakilipa maji kwa bei ya juu kuliko tajiri mwenye bomba jikoni. Choo cha kulipia, mtungi wa kubeba, waya wa stima wa kuungwaungwa: kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe hana karatasi.

Kamati ya mradi ilikuwa na watu saba. Watano walitoka kanisani, na wawili walikuwa majirani, kwa kuwa maji hayaulizi dini. Mmoja wa majirani hao ni Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtaa mzima humwita Hajji, ijapokuwa hajawahi kufika Makka na huwa anawakumbusha hivyo. Mwenyekiti alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara mwenye sauti nzuri na, kama nilivyoambiwa kwa kunong'onezwa siku ya kwanza, mwenye nia ya kugombea uwakilishi wa wadi mwaka 2027.

Vitabu viwili

Kitabu cha sadaka kilinipa raha ambayo mhasibu huipata mara chache. Nilihesabu Jumapili 52 na sikukosa hata shilingi. Siri yake niliiona kwa macho yangu Jumapili iliyofuata. Vikapu vikishapita, vinamwagwa juu ya meza ya mbao mbele ya madhabahu, watu wakiwa bado ndani. Watatu huketi: mweka hazina, mzee wa zamu, na mshirika mmoja anayeteuliwa papo hapo, mara nyingi kijana. Wanaomba kwanza. Sarafu zinapangwa vijilima, noti zinanyooshwa, zilizoingia kwa M-Pesa zinasomwa kwa sauti kutoka kwenye simu. Bahasha za fungu la kumi zina nambari badala ya majina. Kila kitu kisicho cha kawaida kinaandikwa, na ikiwezekana kinagundishwa kitabuni kwa gundi: noti iliyochanika, kijikaratasi cha maombi, hata hundi iliyorudishwa na benki. Watatu wote wanatia saini. Jumatatu asubuhi pesa ziko benki.

Kitabu cha mradi kilikuwa kikiandikwa na Mama Hazina peke yake, usiku, taa ikiwa karibu kuzima, siku mbili kabla ya ripoti ya robo mwaka kutakiwa. Hakukuwa na meza, watatu wala maombi. Risiti za saruji zilizodaiwa kutoka maduka matatu tofauti zilikuwa na nambari zinazofuatana, 0451, 0452, 0453, yaani zote zilichanwa kwenye kitabu kimoja cha risiti. Orodha ya waliohudhuria mafunzo ya usafi ilikuwa na saini 40, na zote 40 zilikuwa na mkia uleule kwenye herufi ya mwisho.

Shilingi 418,000 hazikuwa na maelezo ya kweli. Niliketi na Mama Hazina siku tatu, naye, sifa zimwendee, hakunificha kitu hata kimoja. Alikuwa na daftari la tatu, la shule, lenye picha ya twiga, ambamo aliandika ukweli. Aliliweka, akasema, ili siku akifa watoto wake wasije wakadhani alikula.

Daftari la twiga lilisema hivi. Shilingi 120,000 zilienda kwenye mazishi mawili na bili moja ya hospitali za washirika. Kitabuni ziliandikwa "kokoto na mchanga". Shilingi 90,000 alipewa bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa anaweza kuharakisha bomba, pamoja na vijana wanaoshika njia ambako bomba lilipaswa kupita, ziliandikwa "usafiri". Shilingi 108,000 zilikuwa kodi ya nyumba ya mchungaji, 9,000 kwa miezi 12, ziliandikwa "mafunzo". Shilingi 100,000 zilizobaki, kwenye kitabu cha mradi zilisema "saruji mifuko 125 kwa 800", na kwenye daftari la twiga zilisema neno moja tu: "Mwenyekiti".

Ziko takwimu mbili ambazo watu wa semina hupenda kuziweka bega kwa bega wanapozungumzia dini na ufisadi Kenya. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakristo ni kama asilimia 85 ya wananchi na Waislamu kama asilimia 11. Na mwaka 2024, kwenye kipimo cha ufisadi cha shirika la Transparency International, Kenya ilipata alama 32 kati ya 100, ambapo 100 ni usafi kamili. (Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1993 na Peter Eigen, Mjerumani ambaye alikuwa ameongoza ofisi ya Benki ya Dunia hapa hapa Nairobi, na aliyoyaona huku hayakuwa mbali na uamuzi wake.) Ukishaziweka hivyo, ukumbini watu hucheka, mtu anasema "wanafiki", kisha chai inaletwa. Kicheko hicho kimenichosha. Mama Hazina si mnafiki. Mnafiki ana uso mmoja wa kuonyesha na mwingine wa kuficha. Yeye alikuwa na mifuko miwili, na alikuwa mwaminifu kabisa kwa mmoja. Swali langu likawa: nani aliutenga ule mwingine?

Wafadhili wenyewe walisaidia kuutenga. Mkataba uliruhusu asilimia 5 tu kwa gharama za uendeshaji, na ulikataza waziwazi mishahara ya watumishi wa kanisa. Kwao ng'ambo mchungaji analipwa na mfumo mwingine, kwa hiyo lile katazo liliwakaa vizuri kichwani. Huku mchungaji alikuwa hajapata posho tangu 2021, na kila mtu kanisani alidhani mwenzake ndiye anayejua anakula nini. Wafadhili walidai risiti, basi wakaletewa risiti. Hakuna aliyewahi kuwadai waumini wenyewe waitazame ile pesa.

Nayo dini ilisaidia. "Utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume" ni neno la kumzuia mtoaji asijigambe, lakini nimelisikia likitumika, pale na kwingineko, kumfunga mdomo anayeuliza pesa zilikwenda wapi. Kuomba hesabu kunaonekana upungufu wa imani. Mtumishi haulizwi. "Msiwaguse masihi wangu" unatamkwa kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya kamati za ujenzi. Wakati huohuo mtume Paulo mwenyewe, alipokuwa akipeleka michango ya makanisa, alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akamlaumu kuhusu zile pesa. Yaani meza yenye watu watatu. Aya hiyo sijawahi kuisikia ikihubiriwa siku ya harambee.

Bahasha

Nilipokwenda kwenye mjengo, fundi aliniambia kwamba jengo zima, msingi hadi lenta, lilimeza mifuko 62 ya saruji. Basi 125 za risiti moja zilikuwa hadithi. Pesa zilitolewa benki Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024. Hundi ilihitaji saini mbili, ya mwenyekiti na ya mweka hazina. Mama Hazina alikuwa ametia saini hundi tupu tatu mwezi Agosti, kwa sababu alikuwa anasafiri kwenda kumwona mamake mgonjwa na kwa sababu, kama alivyosema, "ni mzee wa kanisa, Baba, nitamwambia nini?"

Zilikokwenda nilizigundua pasipo kutarajia, na nilizigundua ndani ya kitabu kile safi. Jumapili tarehe 8 Septemba kanisa lilikuwa na harambee ya kununua vyombo vya muziki. Kwenye ukurasa wa siku hiyo, pale palipoandikwa "Bahasha ya Mzee Mwenyekiti, 100,000/=", watatu wa meza walikuwa wamegundisha, kwa ile desturi yao ya kutotupa kitu, kikaratasi cha benki kinachofunga burungutu la noti. Kilikuwa na muhuri wa tarehe 6 Septemba.

Nilikaa kimya muda mrefu. Pesa za vyoo vya maskini zilitoka kwenye mfuko wa mradi Ijumaa, zikalala nyumbani kwa mtu Jumamosi, na Jumapili zikaingia kwenye mfuko wa Mungu, zikiwa na jina la mtu, makofi, vigelegele na maombi ya baraka. Kwa hesabu ya sadaka hakuna kilichopungua; kimeongezeka. Mama Hazina alipokitazama kile kikaratasi alishika kinywa. Nadhani hapo ndipo kwa mara ya kwanza mifuko ile miwili iligusana akilini mwake.

Harambee si neno la kubeza. Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa uhuru ulipopatikana mwaka 1963, liko kwenye nembo ya nchi, na shule nyingi ambazo sisi tulisoma zilijengwa kwa mbuzi, kuku na senti za wazazi. Lakini bahasha kubwa inayotangazwa mbele ina kazi yake nyingine, na kazi hiyo inajulikana hata na sheria: Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwawekea mipaka watumishi wa umma katika kuchangisha. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwakataza wanasiasa kuhutubu madhabahuni. Anayetaka kura hapiti afisini; hupita kanisani, kwa sababu pale makofi yake yana harufu ya ubani. Mwenyekiti wetu alikuwa akijifunza kazi mapema tu.

Kikao

Tulikutana Jumamosi, tarehe 23 Novemba 2024, saa nane mchana, ndani ya kanisa. Wiki hiyo haikuwa ya kawaida Nairobi. Jumapili iliyotangulia, tarehe 17, Rais William Ruto alikuwa amehudhuria ibada katika Kanisa Katoliki la Soweto, huku huku mashariki mwa jiji. Alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na watoto wa parokia, milioni 2 kwa ujenzi wa nyumba ya mapadri, akaahidi milioni 3 zaidi na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba pesa zirudishwe kwa mwenyewe, na ahadi zikataliwe. Siku chache kabla ya hapo maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali hadharani, na tangu maandamano ya Juni ya kupinga kodi vijana walikuwa wakiyauliza makanisa kwa nini yanapokea pesa za wanasiasa. Kwa hiyo tulipoketi, hata mtoto wa shule ya Jumapili alikuwa na maoni kuhusu pesa za madhabahuni.

Mchungaji alifungua kwa maombi marefu. Baadaye alisema ibilisi ameingia katika mradi, akaomba tusihukumu tusije tukahukumiwa, na tusianike nguo za ndani za nyumba ya Bwana. Sikumlaumu sana, kodi ya nyumba yake ilikuwa kwenye orodha. Mwenyekiti alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema zile pesa "alizisogeza" tu, hakuzila, na kwamba ziliishia kwa Mungu, basi wizi uko wapi? Nusu ya watu waliitikia kwa vichwa. Hoja hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Hakujengea nyumba. Hakununua gari. Alimpa Mungu.

Kijana mmoja akaleta habari ya Soweto: kama askofu mkuu amerudisha pesa za rais, sisi ni nani? Akajibiwa kwamba za rais ni siasa, hizi ni zetu. Mwalimu wa shule ya Jumapili akafungua Mathayo 27 akasoma namna wakuu wa makuhani walivyokataa vipande vya fedha vya Yuda visiwekwe katika sanduku la sadaka, kwa kuwa ni kima cha damu. Pakawa na kelele. Mtu akauliza kama tunamwita mzee wetu Yuda.

Hajji aliomba ruhusa ya kusema, akijua yuko nyumbani kwa watu. Alisimulia hadithi ambayo Waislamu wengi wanaijua: Mtume alimtuma mtu akakusanye zaka, na aliporudi mtu huyo akagawa mzigo mafungu mawili, akasema, hili ni lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza: kwa nini hakukaa nyumbani kwa babake au kwa mamake, aone kama angeletewa zawadi hiyo? Hajji akamgeukia mwenyekiti, kwa adabu kabisa. "Mzee wangu, ungekaa nyumbani kwako bila hiki cheo cha mradi, ile bahasha ungeitoa wapi?" Akaketi.

Mwenyekiti hakujibu. Aliyejibu ni shosho mmoja wa safu ya mbele, mtu wa miaka themanini hivi, ambaye mpaka wakati huo nilidhani amesinzia. Alisema anataka habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia. Watu wakacheka, kwa sababu tangu 2023 jina hilo limekuwa utani wa Wakenya kwa rais wao na kodi zake. Akawangoja wamalize. Kisha akasema: Zakayo alisimama mwenyewe. Hakuombewa kwanza. Alitaja kiasi atakachorudisha, mara nne, ndipo Bwana akasema leo wokovu umefika nyumbani humu. "Nyinyi mnataka wokovu ufike kwanza, pesa zije nyuma, polepole."

Hapo kikao kiligeuka. Ninavyoona mimi, si Katiba wala sheria iliyokigeuza, ijapokuwa nilikuwa nimebeba zote: Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu, na Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, inayomshika mtoaji kama inavyomshika mpokeaji. Nilizisoma, wakanisikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo la kituo cha basi. Dini ndiyo iliyokuwa imewapa mlango wa kutorokea, na dini hiyohiyo, kinywani mwa shosho, ikaufunga. Nilitamani kuambiwa kwamba mlango ungefungwa hata kama asingekuwepo, lakini sidhani.

Walikubaliana nini? Mwenyekiti ajiuzulu na arudishe shilingi 100,000, elfu kumi kila mwezi. Ile mara nne ilipigiwa kura ikashindwa. Posho ya mchungaji iandikwe waziwazi kwenye kitabu cha sadaka, 9,000 kila mwezi, na akina mama wengine walilia walipogundua kwamba alikuwa ameishi miaka mitatu bila posho. Hajji akaongeza kwamba kwao, katika Sura ya Tawba, anayesimamia zaka ametajwa miongoni mwa wanane wenye haki ya kupata, "ili asiibe, na kama ataiba basi asiseme alikuwa na njaa." Biblia nayo inasema usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Hayo yalikuwa rahisi.

Spika hazikuuzwa. Nasema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu nilipigania ziuzwe. Zile 100,000 za bahasha ndizo zilizonunua spika mbili kubwa zilizosimama pale pale tulipokuwa tukizungumza, na mahubiri yote dhidi ya wizi tangu Septemba yalikuwa yametoka ndani yake. Kwaya ilikataa. Kura zilikuwa 31 kwa 6.

Na zile 120,000 za mazishi na hospitali? Hapa sina maneno ya uhakika. Nilikuwa nimeandika "matumizi yasiyoidhinishwa". Hakuna mtu hata mmoja ukumbini aliyekubali kuita hivyo. Mama Hazina alisimama akauliza, bila hasira: "Maiti ingekaa mochari mpaka lini, Baba? Na kila siku wanaongeza." Alikuwa ameona pesa zimelala benki zikingoja mchanga, na jirani yake amelala kwenye chuma akingoja kuzikwa. Kwamba alidanganya kwenye risiti alikiri. Kwamba alifanya kosa kumzika mtu hakukiri, na sikumshinikiza. Ripoti yangu ilibaki na neno langu.

Shilingi 90,000 za chai zilipitishwa haraka kuliko zote, na jambo hilo ndilo lililonisumbua zaidi nikiwa kwenye matatu nikirudi nyumbani. Watu waliokesha kwa ajili ya bahasha ya elfu mia moja hawakutumia dakika tano kwa hongo ya elfu tisini. Ilionekana kama mvua au foleni ya Mombasa Road. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha macho hao waonao. Nilidhani inamzungumzia mpokeaji peke yake.

Baada ya hapo

Barua kwa wafadhili niliiandika mimi, mchungaji akatia saini mkono ukitetemeka. Ilieleza kila kitu, pamoja na mazishi. Baada ya wiki tatu walijibu kwa heshima, wakashukuru kwa uwazi, na wakasimamisha awamu ya pili mpaka "taratibu zipitiwe upya". Awamu ya pili ndiyo iliyokuwa na milango ya bafu, taa za nje na bomba la pili. Walikaa miezi minane bila kutuma chochote. Bafu ziliwekewa magunia badala ya milango, na mwanamke wa Mukuru kuoga nyuma ya gunia saa mbili usiku si jambo la kuandikwa kwenye jedwali la matokeo. Binti mmoja wa kwaya alinisimamisha njiani Machi 2025. Ilikuwa wiki ambayo Rais alitoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana walioandamana pale wakatawanywa kwa gesi ya machozi. Nilidhani anataka kuzungumzia hayo. Akaniambia: "Ukweli wako, mzee, umetuletea magunia." Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Mwenyekiti wa zamani alilipa miezi minne, akanyamaza miwili, akalipa tena mmoja. Amehamia kanisa lingine ng'ambo ya reli. Naambiwa huko ameshatoa bahasha.

Kitabu cha mradi sasa kinaandikwa juu ya meza ileile ya sadaka, mbele ya madhabahu, na watatu, baada ya maombi. Hilo lilikuwa pendekezo la Mama Hazina mwenyewe. Mimi nilikuwa nimependekeza programu ya kompyuta. Matumizi ya mwezi hubandikwa kwenye mlango wa kanisa, upande unaoelekea kioski, na watu wakingoja mitungi ijae husoma, hubishana, na mara moja walikosoa bei ya misumari, na walikuwa na haki.

Wafadhili waliporudi na nusu ya pesa, yule bwana wa kuharakisha bomba naye alirudi. Alitaka 15,000 kwa bomba la pili. Jumapili hiyo nilikuwepo. Mama Hazina alikuwa na kalamu mkononi, mzee wa zamu kuliani kwake, na wa tatu alikuwa mvulana wa miaka 19 aliyeteuliwa dakika kumi kabla. Mchungaji alieleza jambo lenyewe kwa sauti ya chini. Mama akauliza aandike nini.

"Andika usafiri," mzee wa zamu akasema.

"Amesafiri nani?"

Mvulana akasema, "Si uandike chai tu, inajulikana."

Mama Hazina akamtazama, akaitazama meza, sarafu zikiwa bado kwenye vijilima. "Hapa?" akasema. Akafunika kalamu.

Hiyo ilikuwa Agosti 2025. Bomba la pili bado halijaunganishwa. Hajji amevuta mpira mrefu kutoka kwenye mita ya duka lake, unapita juu ya paa mbili mpaka kwenye tangi, na bili wanagawana. Asubuhi presha ikiwa ndogo, tangi hujaa saa tano badala ya saa moja.